Kitufe cha Kufuta

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya pili ya likizo ya Agosti, walimu arobaini na watatu wa shule za msingi walikuwa wameketi katika ghala la zamani la tumbaku nje kidogo ya mji wa Migori, wakipiga chapa juu ya karatasi za manila. Ghala hilo siku hizi ni tawi la chuo kikuu kimoja ambacho jina lake halitatusaidia hapa. Kila mwalimu alikuwa amechora kibodi yake nyumbani kwa kalamu nene nyeusi, kitufe kwa kitufe, kama alivyoagizwa, na pembeni ameweka kiberiti kitupu kilichofanya kazi ya kipanya. Hilo ndilo lilikuwa somo la Utangulizi wa Kompyuta na Teknolojia ya Habari. Walimu hawakulalamika sana. Maisha yao yote wamefundisha kwa manila. Wamechora moyo, figo, ramani ya Afrika na safari ya maji kutoka ziwani hadi mawinguni, na watoto wakaelewa.

Bhoke aliketi mstari wa mbele. Alitoka Kegonga, alikuwa na miaka thelathini na minane, na kwa miaka kumi na minne alikuwa amefundisha kwa cheti. Shule yake ilikuwa imemwekea kiti cha mwalimu mkuu hadi apate digrii. Masomo mengine yote alikuwa amepita. Lilibaki hili moja, na alikuwa akilirudia. Sheria ya chuo ilikuwa fupi: ukianguka somo mara mbili, unarudi kwenu.

Alianguka mwezi wa Aprili. Mtihani wa vitendo ulifanyiwa Awendo, katika chuo kidogo cha binafsi chenye kompyuta nzuri, ghorofani juu ya duka la mbolea, ambako trela za miwa zikipita chini madirisha yanatetemeka. Chuo hicho kilikuwa mali ya mhadhiri wao, Daktari Mosoti. Bhoke aliwekwa mbele ya mashine ya kweli kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikishika kipanya akakiinua juu ya meza, kama alivyozoea kukiinua kiberiti chake. Halafu akatafuta pa kuwashia, kwa sababu manila haina swichi na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kompyuta huwashwa. Aliinama hadi chini ya meza, na huko akaona kibandiko kilichokwanguliwa nusu. Kilisomeka KMP/17.

Alikijua kibandiko hicho. Orodha ya KMP/01 hadi KMP/40 ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kompyuta kule Migori, mlango uliokuwa na kufuli kwa mwaka wa pili sasa, kwa maelezo kwamba chumba kinangoja umeme. Alipoinuka na kuuliza, Daktari Mosoti alimwambia hapo amekuja kufanya mtihani, si kuuliza maswali. Alimsimamia dakika mbili, akacheka kidogo kwa pua, akaandika kwenye fomu maneno mawili: Hajui kuwasha.

Bhoke alirudi Kegonga na maneno hayo mawili. Aliyasikia alipowasha jiko na alipowasha taa. Hakuwa mtu wa kusamehe haraka na hakujifanya kuwa mtu wa namna hiyo.

Sasa, Jumatatu hiyo ya Agosti, Daktari Mosoti akiwa amewapa mgongo akiandika ubaoni, herufi zilianza kutokea kwenye shati lake jeupe. Zilianzia bega la kushoto, zikaenda kulia hadi kwapani, zikashuka mstari wa pili. fff jjj, fff jjj. Ndilo zoezi walilokuwa wakipiga. Awino, mwalimu wa Homa Bay aliyekuwa kiongozi wa darasa, alisoma mgongo huo kwa makini, akasema kuna mtu kwenye mstari wa tatu ameweka g mahali pa f. Mwenye kosa alilirekebisha. Walimu walifurahi kwamba skrini imepatikana. Daktari aligeuka akauliza wanachekea nini, wakamwambia hawacheki kitu.

Saa sita, kabla ya kutoka, kila mmoja alibonyeza kitufe cha kufuta akaondoa alichoandika, maana mwalimu hatoki darasani akaacha ubao mchafu. Kufikia hapo walikuwa wameshajua kwamba kila manila hufuta maandishi yake yenyewe tu. Ya jirani haiyawezi. Mosoti akaenda nyumbani na shati safi. Jumanne ikawa hivyo, na Jumatano.

Alhamisi Bhoke hakwenda kunywa chai na wenzake. Alibaki darasani peke yake, akanyoosha manila yake juu ya dawati, akaweka vidole kumi mahali pake na kupiga polepole bila kuangalia: Kompyuta arobaini za darasa letu ziko Awendo, juu ya duka la mbolea. Aliweka nukta. Kisha akatoa kwenye mkoba wembe wa kuchongea penseli, akakikata kitufe cha kufuta pande zote nne, akakitia ndani ya kava ya simu yake, mahali anapoweka picha ya pasipoti na namba ya siri ya benki. Alitaka yule mtu asomwe. Alitaka kila mwenye macho amsome, na akizeeka asomwe, na akifa wale watakaomvika nguo za mwisho wamsome pia.

Mosoti alikuwa ofisini wakati huo. Aliyagundua maandishi jioni, mkewe Edith alipomuuliza ni kompyuta gani hizo. Alibadilisha shati, na maneno yakahamia kwenye shati lile lingine. Alivaa sweta nyeusi. Herufi zikatokea kwa rangi nyeupe. Alivaa koti juu ya sweta, zikapanda juu ya koti. Edith aliloweka mashati sita kwa siku mbili, akayasugua, akayaanika. Kwenye kamba yalikuwa meupe kabisa. Tangu siku hiyo Edith alipenda kutembea mbele ya mumewe.

Sabato hiyo Mosoti aliketi kanisani kiti chake cha kila siku, safu ya tatu, na watu wa safu ya nne hadi ya mwisho wakamsoma wakati wa mahubiri. Ibada ilipokwisha wazazi wawili walimsogelea. Mmoja aliuliza kama hapo juu ya duka la mbolea bado wanasajili wanafunzi. Mwingine alitaka kujua ukishuka stendi ya Awendo unafuata upande gani. Hakuna aliyeuliza darasa letu ni darasa gani.

Mkuu wa tawi alimwita Jumatatu. Alimwomba ageuke, akavaa miwani, akasoma mara mbili. Kisha akasema kwamba maandishi hayo hayana tarehe, hayana sahihi wala nambari ya kumbukumbu, na kwa hiyo ofisi yake haiwezi kuyashughulikia. Alimuuliza kama herufi hutokea hata mtu akipiga manila kutoka chumba kingine. Mosoti alisema hutokea. Mkuu alifikiri kidogo, akamwita karani wake, Phanice.

Wiki hiyo wakaguzi wawili walitoka Nairobi kuja kuangalia kama tawi lina vifaa vya kufundishia kompyuta. Phanice aliwapa orodha aliyoamriwa kuiandaa. Vifaa vya kuingizia habari: kibodi arobaini na tatu, za manila. Vipanya arobaini na vitatu. Kifaa cha kutolea habari: kimoja, Daktari Mosoti, hali nzuri. Wakaguzi walimsimamisha mbele ya dirisha ili wapate mwanga. Mmoja alisoma maneno ya Bhoke kwa sauti, kuanzia bega hadi bega, akaandika kwenye daftari lake: Maandishi yanasomeka vizuri. Mwenzake alipendekeza tu kwamba kifaa kivae mashati yasiyo na mistari. Darasa likaidhinishwa kwa miaka mitano. Chumba cha kompyuta, kwa kuwa hakikuhitajika tena, kikafanywa stoo ya viti.

Bhoke alisikia habari hizo kwa Phanice, mlangoni mwa ofisi, na akahisi hasira ikimpanda hadi masikioni. Alikuwa ameandika ukweli mahali ambapo hakuna ambaye angeukosa, na ukweli wenyewe umepewa daraja la usomekaji. Aligusa simu yake, akahakikisha kitufe kipo.

Siku mbili kabla ya mtihani, Mosoti alimfuata kwenye bomba la maji nyuma ya ghala, ambako walimu husuuza vikombe. Alikuwa amekonda kidogo shingoni. Hakuongea kwa ukali.

"Madam Bhoke, hiyo maneno ungeitoa," alisema. "Mtoto wangu Moraa ako gredi ya kwanza. Kila asubuhi nikikunywa chai anasimama nyuma yangu ananisoma."

Bhoke alifunga bomba. "Amefika wapi?"

"Amefika kwa ziko. Awendo inamsumbua."

"Mwambie asiharakishe. Atafika tu."

Mosoti alisogea karibu. Halafu akamwambia kwamba mtihani utakuwa na sehemu tatu: kuandika, kurekebisha, na mwisho kufuta kila kitu kilichoandikwa na kibodi hiyo. Akifuta, amepita, na ile alama ya Aprili itasahaulika. Kiti cha mwalimu mkuu anakijua, alisema. Yeye si mtu mbaya.

"Na mashine?" Bhoke aliuliza.

"Ziko salama."

"Hapa?"

Mosoti aligeuza mgongo. Aliondoka kuelekea ofisini, na Bhoke akayasoma maneno yake mwenyewe hadi yalipopinda kona ya ghala.

Mtihani ulifanywa Ijumaa, humo humo ghalani, kwa sababu hakukuwa tena na haja ya kwenda Awendo. Mtahiniwa aliitwa mmoja mmoja, akaketi kwenye dawati la mbele na manila yake, na Mosoti akasimama hatua mbili kutoka kwake akiwa amempa mgongo na kioo kidogo mkononi ili aone kinachotokea. Walimu wengine walingoja nyuma. Bhoke alipoitwa alitandika manila yake, na wote wakaliona lile tundu la mraba kwenye kona ya juu.

Aliamriwa aandike maana ya kompyuta. Aliandika: Kompyuta ni mashine inayopokea habari, kuitunza na kuitoa inapohitajika. Herufi zilijipanga chini ya zile za kwanza, safi, bila kosa hata moja. Aliamriwa aweke alama ya mkato mahali fulani, akaiweka. Awino, kule nyuma, alitikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu anayesimamia mtoto wake mwenyewe.

"Sehemu ya tatu," Mosoti alisema. "Futa."

Bhoke aliitoa simu, akafungua kava, akakishika kitufe kati ya vidole viwili. Kilikuwa kipande kidogo cha manila, kimechakaa pembeni. Angekipachika kwenye tundu lake na kukibonyeza, na jioni angempigia simu mama yake na kumwambia amemaliza. Alikitaka kile kiti. Alikitaka kwa miaka mingi, na alijua rangi atakayopaka mlango wa ofisi. Mbele yake mgongo wa Mosoti ulikuwa umetulia, unangoja. Kwenye kioo aliliona jicho moja la Mosoti likimwangalia, na hakuna kilichomchoma kama kuona kwamba jicho hilo lilikuwa na uhakika naye.

Alikirudisha kitufe ndani ya kava, akaiweka simu mkobani, akaketi, mikono juu ya mapaja. Dakika mbili zilipita. Mosoti aliinama kwenye fomu yake na kuandika: Hajui kufuta.

Saa tisa Phanice alipiga matokeo kwa manila ya ofisi, na walimu wakapanga foleni kuyasoma mgongoni mwa Mosoti. Arobaini na wawili walikuwa wamepita. Jina la Bhoke lilikuwa la mwisho, na mbele yake maneno hayo mawili. Wote walipomaliza kusoma, Phanice aliyafuta matokeo yote. Yakabaki maandishi ya Bhoke tu, mistari miwili. Bhoke aliikunja manila ikawa kama bomba, akaifunga kwa mpira, akapanda gari la Kegonga.

Septemba shule zilifunguliwa. Mwanamume mmoja mwenye digrii aliletwa kuwa mwalimu mkuu, mtu mpole, akapaka mlango wa ofisi rangi ya kijivu. Bhoke alipewa gredi ya tatu, watoto hamsini na wanane. Migori, walimu wapya walijiandikisha kwa somo la kompyuta na kuagizwa waje na manila. Awendo, juu ya duka la mbolea, viti vilijaa. Mosoti alitawazwa kuwa mzee wa kanisa, na siku ya kutawazwa mchungaji aliweka mikono juu ya mabega yake, katikati ya maneno.

Phanice alimpigia Bhoke simu Jumatano moja, wakati wa mapumziko ya saa nne. Waliongea habari za mvua na za Awino, ambaye amepata cheo. Halafu Phanice akataja kwamba yule mtoto wa Mosoti amejua kusoma kuliko wenzake wote. Awendo anaisoma bila kusita. Hata ule mstari wa pili, wenye maneno magumu, anausoma kwa wageni. Sasa kila asubuhi anamwomba baba yake sentensi mpya, na baba hana.

Bhoke alimshukuru kwa habari. Aliingia kwenye chumba cha walimu, akaitoa manila nyuma ya kabati, kati ya chati ya vokali na picha ya sehemu za mmea, akaitandika mezani na kuzikandamiza kingo zake kwa vikombe viwili. Alifikiri kidogo juu ya urefu wa sentensi. Kwa mtoto wa gredi ya kwanza maneno sita yanatosha, mengi yawe ya silabi za wazi. Aliweka vidole mahali pake, akapiga: Moraa, muulize baba kompyuta ni za nani.

Aliyahesabu tena, yalikuwa saba. Akaona si neno, atayaweza. Kengele ilipogongwa aliikunja manila, akachukua chaki, akaenda kufundisha.