Kuhesabu kwa Sauti

Mke wangu alinipa sharti moja: nikifanya mazoezi chumbani, nihesabu kwa sauti. Nilikasirika. Fundi saa mzima, miaka sitini na mbili, nihesabishwe kama mtoto wa chekechea! Lakini daktari alishasema tumbo hili litanimaliza, na kijana wa kwenye video, misuli imemjaa hadi shingoni, alidai siku thelathini za kurukaruka zinatosha.

Siku ya tatu nilifunga mlango kwa komeo, maana sikutaka mtu anione na kaptura ile, nikaanza kuruka.

"Kumi na mbili! Kumi na tatu! Kumi na nne!"

Moyo ukasita.

Miaka arobaini nimesikiliza saa za watu. Saa inayotaka kusimama naijua kwa mlio: inasita, inakimbia, inasita tena. Sasa mlio huo ulikuwa kifuani mwangu. Jasho jembamba likanitoka. Nikaweka kiganja kifuani, nikanyamaza nisikilize vizuri, kama ninavyofanya kazini. Moyo ukakimbia. Ukasita tena. Kisha, taratibu, ukarudi kwenye mwendo wake.

Ndipo nikasikia mlango unasukumwa kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikafungua komeo, maneno makali yako tayari mdomoni.

Mke wangu alikuwa amevaa viatu vya kutokea, kadi yangu ya hospitali mkononi.

"Kumi na tano," alisema. "Mzee wangu, sema kumi na tano."