Neno Linaloruhusiwa Juu Tu

Asubuhi ile Ng'washi alikuwa amekaa kwenye ofisi ya chama cha pamba, Bariadi, bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mapajani, akimtazama binti yake Kabula akiifundisha seva neno jipya. Seva ni ile mashine inayowafungulia watu kurasa za chama kwenye simu zao. Kila inapoamka husoma faili la amri zake, mstari kwa mstari. Ikikuta neno isilolijua, inagoma kuamka. Kwa hiyo mwenye kutaka amri yake mwenyewe huiandikia moduli kwanza, ya kuieleza seva neno hilo maana yake nini, na linaruhusiwa kuandikwa wapi.

Kabula alianza na neno la kujaribia: Salimia. Akaiwasha seva.

"Mwangaluka, mayu," mlango wa ofisi ukasema.

"Mwangaluka," Ng'washi akauitikia, maana salamu haikataliwi.

"Imesoma, mama! Imesoma amri yangu!" Kabula aliruka hadi kiti kikaanguka. "Na nimeiandika juu kabisa ya faili. Ikiandikwa juu, vyote vya chini vinairithi."

Kweli, milango ya mtaa mzima ilikuwa inasalimia. Specioza, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, akapaza sauti: "Mlango wangu una adabu kuliko mkwe wangu!" Akaendelea kushona.

Mzee Mboje, mwenyekiti wa chama, akaingia akiwa amesalimiwa na mlango.

"Binti, hii ni kazi. Sasa nataka neno Mwenye. Mtu akifungua ukurasa wa shamba aone pamba ni ya nani. Juu ya mashamba ya kila ukoo tutaandika jina moja."

"Na huku chini, kwenye shamba moja moja, mtu aweze kuandika jina lake?"

"Hapana. Juu tu. Tukiruhusu chini, kila mwanamke atakuja na lake. Tutafika?"

Mikono ya Kabula ilikuwa imeshapata moto. Kwenye moduli jambo hilo lilikuwa mstari mmoja tu, akauandika. Mwenye binti wa kompyuta asikie: hapo ndipo pa kuuliza. Ng'washi hakuuliza. Mtoto wake alikuwa anaamrisha mashine na mashine inatii! Alipiga vigelegele mpaka michembe ikamwagika.

Bodaboda ilipomfikisha nyumbani, pamba yake ilikuwa inaondoka. Mafurushi aliyoyaweka tayari kwa mizani, pamba ya kununulia mabati ya nyumba, yalikuwa yamesimama kwa pembe zake zilizofungwa fundo, yakitoka uani kwa mstari kama ng'ombe waendao malamboni. Yalikwenda kwa Mayige, kaka wa marehemu mumewe, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa juu ya ukoo. Watoto wa majirani walipiga makofi. Ilikuwa nzuri kutazama, na moyo wa Ng'washi ulimwenda mbio kwa uzuri huo kabla haujamwenda mbio kwa sababu yake.

Akalishika furushi la mwisho sikio, ile pembe yenye fundo. Likamvuta kwa heshima mpaka kwa Mayige.

"Karibu, shemeji," Mayige alisema, amekaa getini kwake. "Mimi sijaita mtu. Yamekuja yenyewe."

"Nimelima mimi, Mayige! Hilo jembe wewe unajua hata mpini wake uko upande gani?"

"Nami nasema hivyo hivyo, umelima wewe. Lakini si yamekuja?"

Ng'washi akampigia mwanawe simu, mkono mmoja ungali kwenye sikio la furushi. Kabula akashuka kwenye faili mpaka kwenye shamba la mama yake, akaandika: Mwenye Ng'washi. Akaizima seva, akaiwasha. Seva ikagoma. Ikasema neno hilo haliruhusiwi hapa.

Mizani zote za chama zikaganda. Nje ya ofisi wakulima wakaanza kelele.

"Nani kagusa? Tumetoka Bukundi na jua hili!"

"Mwenyekiti, niifungue moduli," Kabula aliomba. "Niliruhusu neno juu tu. Nirekebishe."

"Pamba ya watu wote ikwame kwa ajili ya mama yako? Toa."

Kabula aliangalia watu dirishani, akautoa ule mstari. Mizani zikashusha pumzi, wakulima wakashangilia. Huko kwa Mayige, sikio la furushi likachomoka taratibu mkononi mwa Ng'washi.

Msimu uliofuata alilima tena shamba lile lile. Vitumba vilipopasuka, vyote vilielekea upande wa kwa Mayige, na wapita njia wakasema pamba imependeza mwaka huu. Mlango wa nyumba yake ulikuwa unamsalimia kila alfajiri akitoka, naye aliuitikia. Alichuma yote. Akafunga mafurushi, akakaza mafundo ya pembe moja baada ya jingine, yasije yakajikwaa njiani.