Tanuri Lililoandikwa Sifuri

Asubuhi ile Dada Mkubwa hakukalika. Alipanga viti vitatu kuzunguka meza ya ofisi, akaviona vimekaa vibaya, akavipanga upya. Akafuta meza iliyokuwa safi. Akatoka kwenda kuwatazama wakandaji wa unga, akageuka mlangoni kabla hajamtazama hata mmoja. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kidogo nyuma ya bekari, na ukuta wake mmoja ulikuwa mgongo wa tanuri, hivyo hata dirisha likiwa wazi mtu alilowa jasho. Asiyemjua angedhani anasubiri wanaomdai. Wapi! Alikuwa anamsubiri mdogo wake wa mwisho, Kitinda, aje amuuzie hisa zake, na bei ilikuwa nzuri kupita kiasi. Nzuri kwake yeye, Dada Mkubwa.

Baba yao aliwaachia bekari hiyo ikiwa kampuni ya hisa elfu moja. Mia sita zilikwenda kwa binti aliyeamka naye alfajiri miaka yote, mia nne kwa Kitinda, ambaye unga ulimpigisha chafya tangu utoto, akaona bora awe fundi bomba. Sasa fundi alikuwa amechoka kubeba mabomba begani kama punda. Alitaka pikapu. Ili aipate, auze hisa.

Na auze kwa bei gani? Hapo ndipo penye kisa. Katika nyumba ile mzee alikuwa amewalea kwa amri moja: ndugu hawapigiani bei. Hata shati, ukimuuzia nduguyo, bei ataitaja mtu wa tatu, na ikishatajwa hakuna kuguna. Basi walikubaliana mtu wa tatu awe mhasibu wa bekari, na bei iwe ile iliyomo vitabuni, naye akaitaja: elfu nne kila hisa.

Mhasibu alikuwa mtu mwaminifu, tuseme ukweli, hakuiba wala hakudanganya. Kila mwaka alipofunga hesabu alikata kiasi cha thamani ya tanuri kwa ajili ya uchakavu, kodi ipungue, na kila mwaka Dada Mkubwa alishukuru. Alikata na kukata mpaka pakabaki sifuri. Vitabuni tanuri lilikuwa marehemu. Upande wa pili wa ukuta lilikuwa linaoka mikate ya mtaa mzima, na hiyo ndiyo iliyowalisha. Kiwanja cha bekari nacho kilikuwa bado kimeandikwa kwa bei aliyonunulia mzee, enzi zile panaota vichaka. Leo barabara ya lami ilipita mbele yake, na madalali hawakuacha kubisha hodi.

Haya yote Dada Mkubwa aliyajua. Kitinda hakuyajua, na jana mchana alipita bekari, akachukua mkate wa moto bila kuomba kama kawaida yake, akauliza huku anatafuna: "Dada, hiyo elfu nne kwa hisa ndiyo haki yangu?"

"Ndivyo vitabu vinavyosema," akamjibu.

Kitinda akaridhika, akaenda zake anapiga mluzi. Dada Mkubwa akabaki na lile jibu lake. Halikuwa uongo. Ukilipekua neno kwa neno hukuti uongo ndani yake, na hilo ndilo lililomnyima usingizi, kwa sababu mtu akisema uongo angalau anajua amekosa wapi.

Mhasibu alifika kwanza, kisha Kitinda, viatu vina tope, uso una furaha.

"Shikamoo dada. Mbona unahema? Umekimbizwa?"

"Marahaba. Kaa, mdogo wangu."

Mhasibu akafungua makaratasi, akaeleza taratibu kama anayemlisha mtoto uji. Unachukua mali yote ya kampuni ilivyoandikwa, milioni saba. Unatoa madeni yote, milioni tatu. Inabaki milioni nne. Hiyo unaigawa kwa hisa elfu moja. "Kila hisa, thamani yake ya vitabuni ni elfu nne. Wewe unazo mia nne, kwa hiyo milioni moja na laki sita. Lakini elewa, hiyo ni mali kama ilivyoandikwa. Sio lazima iwe bei ya sokoni."

Kitinda akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Dada Mkubwa alikijua kichwa kile. Ndivyo kilivyotikiswa darasani, naye akawa anamfanyia hesabu zake za nyumbani mpaka darasa la saba.

"Pikapu nimeshaiona," Kitinda akasema. "Chakavu, lakini inawaka. Lete kalamu."

Dada Mkubwa alinyanyuka, akaenda dirishani, akarudi. Alijiambia kwamba bekari aliibeba yeye. Alijiambia kwamba Kitinda hajawahi kuamka alfajiri hata siku moja. Yote kweli, na bado hakukalika. Alimwona mdogo wake anatafuta pa kuandika jina lake, kalamu imeshikwa na vidole vizito vya fundi, akashindwa.

"Ngoja kwanza," akasema. "Humo hakuna tanuri."

"Humo wapi?"

"Kwenye hesabu. Limeandikwa sifuri. Na kiwanja kimeandikwa bei ya enzi za baba."

Kitinda alimtazama mhasibu. Mhasibu akaitikia kwa kichwa, kisha akajishughulisha na miwani yake.

"Vikiandikwa vilivyo, hisa moja ni kiasi gani?"

"Kama elfu kumi na tano hivi," mhasibu akajibu. "Zako zote, milioni sita."

Kitinda akaiweka kalamu mezani polepole, akamgeukia dada yake. "Na jana ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipokuuliza?"

"Uliponiuliza, nilijua." Aliona aibu, aibu ya kweli. "Lakini milioni sita sina. Nikikulipa hizo itabidi niuze kiwanja, na kiwanja kikiuzwa bekari imekwisha, tanuri halihamishiki. Nihurumie, mdogo wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile ndugu kumwomba nduguye apunguze bei. Mhasibu akaanza kukusanya karatasi zake. Kitinda alisimama, akavikung'uta viatu vyake tope lidondoke, akawa anaitazama sakafu badala ya kumtazama dada yake.

"Nazitaka zote," akasema. "Jana ungeniambia, ningekuachia nusu."

Akatoka. Dada Mkubwa hakumfuata kubishana naye, maana alikuwa amembeba mgongoni kijana yule, alimjua. Angemwachia kweli.