Kukanda Bandama

Kule Fizi, bandama la mtu likivimba, wanawake hulikanda kwa majani ya moto mpaka linywee. Rosette alifundishwa hivyo na mama yake mzazi. Basi mumewe Kalala aliposhikwa na homa isiyoachia, na chini ya mbavu za kushoto kukaota kitu kigumu, hakuuliza mtu. Wiki tatu nzima, hapo kwao kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, alimkanda asubuhi na jioni huku akimwimbia nyimbo za kwaya, na Kalala akiuma kona ya blanketi.

Dawa za malaria alimeza mara mbili, homa ikazicheka. Mwishowe kliniki ikawaandikia karatasi ya kwenda Lilongwe, apigwe eko, picha ya tumboni.

"Eko?" Kalala akaruka. "Ile ya bamama ba mimba? Mi mzee wa kanisa nikalale pale?"

"Utalala, papa. Na bakiuliza ni ya miezi ngapi, ubaambie ni ya wiki tatu," Rosette akamjibu.

Hospitalini daktari alimpaka mafuta ya baridi ubavuni, akapitisha kifaa taratibu. Kwenye kioo bandama likatokea, kubwa, la kijivu, na katikati dimbwi jeusi. Daktari akasema nao Kichewa, ambacho miaka tisa ya kambini ilikuwa imewazoeza.

"Huu ni usaha. Ukuta wake umebaki mwembamba kabisa. Ukipasukia tumboni, tutampoteza. Kuna mtu amekuwa akipabonyeza hapa?"

Rosette akahisi mikono yake si yake.

"Mi mwenyewe," Kalala akadakia. "Nalaliaka upande ule."

Mwanamume huyu, aliyewahi kumrudishia jirani kuku aliyepotea akiwa na vifaranga vyake vyote, alikuwa anadanganya mchana kweupe, tena bila kukohoa. Daktari alikwisha shika kalamu.

"Usiandike, dokta," Rosette akasema. "Anadanganya sababu ya kunilinda. Njo mi mwenyewe. Nilimukanda kila siku, kwa nguvu. Nilizani namuponyesha."

Daktari akaiweka kalamu chini. Akarudisha kifaa, safari hii akitafuta pembeni, chini ya ini, hadi chini kabisa kwenye kibofu, kama kuna kilichovuja. Rosette alikitazama kioo asichoweza kukisoma.

"Hakuna kilichovuja," daktari akasema. "Bahati yenu. Tutauvuta usaha sasa hivi kwa sindano, picha hii ituoneshe njia. Lakini asitikisike. Mama, mshike mkono. Kumshika tu."

Wakampiga ganzi. Sindano ikaingia, mstari mweupe kwenye kioo, ikalifikia dimbwi. Bomba likaanza kujaa uji mzito wa kahawia, na kule kwenye kioo weusi ukapungua, ukapungua, ukabaki mkunjo mdogo.

"Mama Bora," Kalala akamnong'oneza mkewe, macho kayafumba, "bidole byangu. Unabivunja."

"Nyamaza, usitikisike," Rosette akasema, na hakumwachia.