Mwandishi Hakuwa na Kiti

Kazini walimwita Maiti. Hakujipa jina hilo mwenyewe. Wenzake walimbandika baada ya yeye kuigiza marehemu katika filamu nne mfululizo, na wote wakakiri kwamba hakuna aliyejua kulala bila kupumua kama yeye. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa maiti, bawabu, abiria wa nyuma, mgonjwa wa kitanda cha tatu. Kwa hiyo siku alipoambiwa huenda atamwigiza Mwandishi, yule ambaye kitabu chake kila mtu alikisoma shuleni na wengi wakakililia, mkewe aliacha kukunja nguo akamtazama juu mpaka chini.

"Na huyo unakufa dakika ya ngapi?" akamuuliza.

"Sifi, mama watoto. Safari hii naongea."

Paji la uso ndilo lililomponza, au lililomwokoa. Mwongozaji wa filamu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, akili kali na subira fupi, alikuwa amebandika ukutani picha ya Mwandishi, na paji lake lilikuwa lile lile la Maiti. Maiti alipoingia kuomba nafasi ya bawabu, mwongozaji alimshika kidevu akamgeuza huku na huku kama anayechagua tikiti sokoni. Lakini waliotoa pesa za filamu walitaka sura inayojulikana, kijana mmoja wa matangazo ya sabuni. Wakafikia makubaliano. Maiti apewe wiki mbili, kisha apigwe picha katika onyesho moja tu, lile la Mwandishi akianza kitabu chake. Likiwa na uhai, filamu ni yake. Likilala, anarudi kwenye sanda.

Onyesho lenyewe lilikuwa na meza kubwa na kiti cha ngozi. Mwandishi anatazama dari kwa muda, anashusha pumzi, anaandika mistari miwili mitatu, kisha anageukia dirisha na kulihutubia, ukurasa mzima, kuhusu uchungu wa kuandika. Maiti aliikariri hotuba kwa siku mbili akaona ameiweza. Siku ya tatu akaenda kumwonyesha mjane wa Mwandishi.

Mjane alikuwa na miaka themanini na ushei. Aliishi peke yake juu ya kilichokuwa zamani duka lao la mikate, na bado ngazi zilinuka hamira, au Maiti alijidanganya hivyo. Alimkaribisha, akamwacha aigize mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akamuuliza kama huyo mtu anayekodolea dari macho anatafuta mjusi.

Maiti akasimama pale na mikono yake hewani.

"Mwanangu," mjane akasema, "mume wangu hakuwa na kiti."

Ndipo akamweleza. Mume wake alioka mikate miaka thelathini na moja, na hata jina lake lilipovuma hakuacha tanuri mpaka mgongo ulipogoma. Alikanda unga, akaufunika kwenye beseni kwa kitambaa, na wakati unaumuka ndipo alipoandika, wima, kwa penseli, kwenye ukingo wa meza ile ile ya kukandia, nyuma ya karatasi za mifuko ya unga. Unga ukifika mdomoni mwa beseni, penseli ilitupwa. Sentensi iwe imekwisha au haijakwisha, shauri yake. Mjane akafungua sanduku akamtolea karatasi tatu zilizogeuka rangi ya chai. Kila moja iliishia hewani, moja katikati ya neno, na pembeni kulikuwa na alama ya kidole chenye unga.

Maiti akauliza, kwa sauti ndogo, habari ya hotuba ya dirishani.

"Amhutubie nani? Dirisha lenyewe lilikuwa jeusi kwa moshi."

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alizunguka mitaa miwili akanusa mpaka akafika kwenye tanuri lililokuwa likifanya kazi, akamwomba fundi ampokee kwa siku kumi bila malipo. Fundi alimtazama mikono akasema hiyo imezoea kukunjwa kifuani. Maiti akakubali kwamba ni kweli, akavua shati.

Donge la kwanza lilitoka gumu kama kisigino. La pili lilimganda mpaka kwenye viwiko, wakacheka hadi wateja. Siku ya nne bega lilikataa kupanda juu, akakanda kwa bega moja. Siku ya sita alijua kubonyeza kwa kidole na kungoja kishimo kirudi. Siku ya nane alianza kusimama na penseli kando ya beseni, akagundua jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: mtu anayeandika huku anangoja unga hana jicho la kupeleka darini. Jicho moja liko kwenye karatasi, jingine kwenye kitambaa, kuona tumbo lake limevimba kiasi gani.

Akampelekea mwongozaji habari hizo zote. Mwongozaji alisikiliza huku akibofya kalamu. Alikubali kuondoa kiti na kuleta meza ya kukandia, ila hotuba haiguswi. Aliiandika yeye mwenyewe, na watu hawatakuja kutazama mkate ukiumuka. Kuhusu donge, fundi wa vifaa angetengeneza la sponji, kwa sababu unga wa kweli ni usumbufu.

"Hotuba nitasema," Maiti akajibu. "Sponji sikandi."

Siku ya kupigwa picha alikuja na kikapu: unga wake, hamira yake, beseni lake la bati. Fundi wa vifaa akanuna, akaweka sponji lake pembeni kama mke aliyeachwa.

Chumba kilikuwa kidogo na taa zilikuwa nne, kubwa, za kumulika uso. Maiti alikanda mbele ya kamera, akafunika, kisha wakasimama kubadilisha upande wa kupigia. Wakasogeza taa, wakazirudisha, wakabishana juu ya kivuli cha pua yake. Hakuna aliyekumbuka kwamba taa nne katika chumba kisicho na dirisha la kufunguka ni sawa na tanuri. Kwa fundi wa mikate unga ulichukua dakika arobaini. Hapa ulikuwa na haraka zake.

Mwongozaji akaamuru waanze. Maiti akaegemea ukingo wa meza, akaandika mstari mmoja, akaandika wa pili, akainua uso kuelekea dirisha na kutamka maneno matatu ya hotuba. Kwa pembe ya jicho akaona kitambaa. Tumbo lilikuwa limepita mdomo wa beseni.

Alijua vizuri kilichokuwa mezani. Ukurasa mzima ulibaki. Akiuacha, kijana wa sabuni yuko tayari. Akiendelea kuongea huku unga unamwagika nyuma yake, atakuwa mtu aliyevaa shati la Mwandishi, basi.

Akatupa penseli. Akafunua kitambaa, akalipiga donge ngumi likashusha pumzi, akaligeuzia mezani, akakata, akapima kwa kiganja, akaviringa. Mkate wa kwanza, wa pili, wa tatu. Karatasi ilimzuia, akaisukuma kwa kidole, na alama ikabaki pale. Hakuna aliyesema kata. Mpiga picha alimfuata kwa kamera mpaka mkate wa sita ulipolala kwenye sinia.

"Hotuba yangu iko wapi?" mwongozaji akauliza hatimaye.

"Unga ulifika."

Mwongozaji akatazama kwenye kioo kidogo cha kamera yaliyopigwa, mara moja, kisha tena. Akaenda mezani akaisoma karatasi, mpaka pale neno lilipokatika.

"Hili lingeishiaje?"

"Sijui. Mpaka mikate iingie motoni." Maiti akaangaza chumbani. "Na hapa sioni tanuri."

Akainua sinia begani. Mshona mavazi akamzuia, akitaka avue kwanza shati la filamu, lakini Maiti akampita. Alikuwa mlangoni aliposikia mwongozaji akimwambia mtu amjulishe kijana wa sabuni asijisumbue, kisha akimwambia mpiga picha asizime, amfuate.

Wakamfuata mtaa mzima, kamera begani kwao, sinia begani kwake. Watu walisimama kutazama. Maiti hakumtazama hata mmoja. Jicho lake lilikuwa kwenye kitambaa, na mpaka kwenye tanuri la fundi zilibaki bado kona mbili.