Vidole Vitatu vya Fundi

Fundi wa nyavu alimwona mdogo wake anakuja kutoka mbali, akajua anakuja kuomba. Alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki, na mwendo wake wa kuomba aliujua vizuri: mikono nyuma, macho kwenye mchanga, kikohozi kidogo cha kufungua njia. Akaendelea kushona. Wavu wa mtu ulikuwa umemfunika magoti, sindano ya mbao inaingia na kutoka, na hakuwa na nia ya kumrahisishia mtu kazi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sema."

"Hata kukaa sijakaa."

"Kaa, kisha useme."

Mdogo wake akakaa juu ya rundo la kamba. Akauliza habari za mgongo, akauliza habari za paa linalovuja, akasifia chai ambayo bado hajapewa. Mwisho akalitoa lililomleta. Kesho kamati ya ufukwe inapita kukagua nyavu, na kwenye wavu wake, kule nyuma kabisa kwenye mfuko ambako samaki wanaishia, ameshonea kitu kwa ndani. Kitu chenyewe ni chandarua.

"Chandarua," alirudia Fundi.

"Kipande tu, dada."

"Wewe unavua samaki au mbu?"

"Sipati kitu!" Sauti ilimpanda. "Naenda hadi kule kwenye maji meusi, mafuta yananiishia, narudi na samaki wasiofunika hata kitako cha ndoo. Maji yamekuwa ya moto, samaki wamehama. Nifanye nini? Watoto wale mchanga?" Kisha akashusha sauti. "Kesho ukifika kwangu, pima mbele tu. Gusagusa. Kule nyuma usifike."

Fundi aliishusha sindano. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakapata moto, na mbaya zaidi ni kwamba hakujua aanze kumkasirikia nani. Mdogo wake hakuwa amesema uongo. Maji yalikuwa yamechemka misimu miwili mfululizo, unaingia baharini unadhani mtu amekuandalia maji ya kuoga. Matumbawe ya mwamba wa karibu yalipauka yakawa meupe kama chokaa, kisha yakafa, na sasa yalikuwa yanamomonyoka vipande vipande na kuchana kila wavu unaopita juu yake. Samaki waliokuwa wanakaa pale walikwenda zao. Wachache waliobaki walikuwa watoto wa samaki, na watu wazima wenye akili zao walikuwa wanashindana kupunguza macho ya nyavu ili wawazoe hao hao.

Ndiyo maana ufukwe mzima ulikaa kikao ukapitisha sheria: jicho la wavu lazima lipitishe vidole vitatu vikiwa vimeshikana, bila kusukuma. Sheria nzuri. Lakini vidole vya nani? Hapo wakabishana tangu asubuhi mpaka jua kali. Mwenye vidole vinene aliambiwa anataka kuwaua wenzake kwa njaa, mwenye vidole vyembamba akaambiwa ana njama. Mwishowe wakakubaliana vidole viwe vya Fundi, kwa kuwa kila wavu wa pale ulipita mikononi mwake. Alikuwa fundi peke yake. Wengine waliojaribu kushona walikuwa wanafunga fundo kama wanafunga mbuzi.

Siku ile Fundi alivimba kichwa, asiseme uongo. Baadaye ndipo alipojua amejitia kitanzi. Vidole vyake vilikuwa mali ya umma. Alipoungua kwa mafuta jikoni, wanaume walikuja kumwangalia, na wote waliuliza kidole kimevimba kiasi gani, hakuna aliyeuliza kama kinauma. Nahodha mmoja waliyemwita Haraka, mtu asiyejua kukaa hata kwenye msiba, alianza kutangaza kila mahali kwamba Fundi ananenepa na sheria inanenepa naye.

"Nimekusikia," Fundi alimwambia mdogo wake. "Nenda kautoe huo uchafu leo hii. Ukiutoa, kesho sitaukuta."

Mdogo wake aliondoka bila kuaga. Chai aliyokuwa amechemshiwa ilipoa.

Kesho yake kamati ikapita, Mwenyekiti mbele, tumbo lake mbele ya Mwenyekiti. Fundi alipitisha vidole kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani, moja baada ya nyingine. Wa Haraka haukuwepo. Ati ulikuwa nyumbani unakauka, kana kwamba ufukweni hakuna jua. Walipofika kwa mdogo wake, Fundi alipima mbele, vidole vikaingia. Akapima katikati, vikaingia. Mdogo wake akaanza kuongea na Mwenyekiti habari za mashine ya boti, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Fundi akaenda nyuma. Akaupindua mfuko. Chandarua kilikuwa bado kipo, kimeshonwa kwa mafundo mabaya yaliyolegea, akaona aibu mara mbili, kwa udanganyifu na kwa ushonaji. Vidole viligota kwenye kucha.

Watu wote walikuwa wanamtazama. Macho ya mdogo wake yalikuwa yale yale ya mtoto ambaye Fundi alikuwa anamficha nyuma ya mlango asichapwe. Fundi alitamani kulia, kisha akatamani kumzaba kofi. Akatoa kisu cha kukatia nyuzi, akakata chandarua chote mbele ya kadamnasi, akakitupa miguuni kwa Mwenyekiti.

"Huu haukufaa," alisema. "Sasa unafaa."

Unadhani walimshukuru? Haraka alikuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba amempendelea ndugu yake, kwa sababu wavu wenye kosa unachomwa, haukatwi kipande. Wifi yake, mke wa mdogo wake, alikuja jioni akasimama mlangoni, akagoma kuingia.

"Wifi, kisu chako hakikuukata wavu. Kimetukata sisi."

Kamati ikakaa kikao bila kumwita. Ikaonekana kwamba kwa kuwa Fundi ana ndugu baharini, haki haitaonekana, na kwamba ni vyema kipimo kiwe vidole vya mtu asiye na upande. Wakachagua vidole vya mke mdogo wa Mwenyekiti. Vidole vyembamba kama vijiti vya kiberiti, ambavyo havijawahi kuvuta uzi wala kuparua samaki. Vitatu vyake ni kimoja na nusu vya Fundi. Walipopita tena kukagua, nyavu zote zilifaa, hata wa Haraka, ambao ghafla ulikuwa umekauka.

Fundi alicheka alipoambiwa, lakini ni kicheko cha kuchoka. Aliambiwa na watu waliokuja na nyavu zilizochanika, na kwa kuwa hakuwa na jinsi, alizishona. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Alikuwa anaziba kwa mkono wake mwenyewe matundu ambayo yalikuwa ndiyo nafasi pekee ya kutokea waliyobakiziwa wale samaki.

Mdogo wake alirudi baada ya siku kadhaa za kununiana. Safari hii mikono haikuwa nyuma. Alikaa juu ya kamba bila salamu.

"Sijashonea tena," alisema. "Nilitaka. Chandarua ninacho. Leo asubuhi nimevuta wavu, nikawaona, dada. Watoto wa samaki changu, wengi, wanametameta. Wanatoka kwenye macho ya wavu wangu mmoja mmoja, wazima kabisa. Nikasema moyoni, haya, nendeni mkakue."

"Ehe?"

"Haraka alikuwa nyuma yangu. Akawazoa wote."

Fundi aliacha kushona.

"Unajua amewapeleka wapi? Hawakununuliwa. Ni wadogo mno, wanayeyuka hata kwenye mafuta. Amewamwagia kuku." Mdogo wake alijifuta uso kwa kiganja. "Sasa niambie. Mimi ndiye mjinga, au?"

 Fundi akauinua wavu uliokuwa magotini pake, wa Haraka, bado haujaisha, sindano inaning'inia. Akajaribu vidole vitatu. Viligota. Akaukata uzi wa sindano, akaukunja wavu na tundu lake kubwa, akamtuma mdogo wake aurudishe.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie vidole vyangu havijaingia."

Kuanzia hapo kila aliyeleta wavu alipimiwa mlangoni. Wavu usipofaa, ulirudi ulivyo. Walimtukana, wakamwita jeuri, wakasusa. Wiki ile Fundi alikaa mikono mitupu na sufuria jepesi, wifi yake akawa anamletea chakula kwenye bakuli lililofunikwa, bila kusema neno, ila alikuwa anaingia ndani. Wengine walijishonea wenyewe kwa mafundo yao ya mbuzi, nyavu zikafumuka kwenye matumbawe yaliyovunjika. Fundi hakufurahi. Alijua nani wana watoto wangapi. Lakini sindano hakuishika.

Kisha akaja Mwenyekiti, na vijana wawili wamebeba wavu wake, umechanika kutoka kwenye maboya mpaka kwenye vipande vya risasi vya kuuzamisha.

"Weka chini," alisema Fundi. Akapitisha vidole. "Haviingii."

"Fundi, usianze. Kamati ilishaamua. Kipimo ni vidole vya mke wangu."

"Nimesikia. Basi mpelekee yeye. Kama vidole vyake vinapima, na vishone."

Mdogo wake, aliyekuwa pembeni anamjazia sindano uzi, aligeuza uso ukutani, mabega yanatikisika.

Mwenyekiti alibaki amesimama. Aliutazama wavu wake, akatazama bahari, akawaambia wale vijana waende. Mwisho akakaa juu ya rundo la kamba, akakohoa kidogo, akamuuliza Fundi habari za mgongo.