Mikono Magotini

Maftah alikuwa mwana wa Abdul-Latif, na Abdul-Latif mwana wa Kamis, na Kamis mwana wa Sufian, aliyetoka Mrima kwa miguu na mizigo ya nguo na msahafu mmoja, akafika Buganda, akaoa, akazeeka, akazikwa huko. Sufian hakupata kumpunja mtu kibaba. Kamis alisuluhisha ugomvi wa watu ambao hata dini hawakuwa moja naye. Abdul-Latif alisomesha watoto barazani kwake mpaka macho yakamwisha, na siku aliyofariki maduka ya Nakivubo yalifungwa pasi na mtu kuamrisha. Huo ndio ukoo. Na katika ukoo huo, nyumbani kwa Maftah huko Luzira, ilikuwako sheria ya mkekani iliyoheshimiwa na wote ila mtu mmoja.

Sheria yenyewe ni hii. Chakula kinapoandaliwa, mikono hukaa magotini. Hukaa hapo hata kama pilau inafuka mvuke puani mwako, mpaka aliye mdogo kuliko wote apakuliwe kwanza, na mkubwa aseme bismillahi. Mtu mmoja aliyeivunja alikuwa Shifa, mjukuu wa Maftah. Tangu utotoni vidole vyake vilitangulia akili yake, na upande wa nyuma wa mkono wake uliujua vyema mwiko wa babu.

Asubuhi ya mtihani wake wa vitendo alikuwa amekwisha kuvaa sare, na mkono wake umekwisha kuifikia chapati.

"Rudisha," alisema Mzee Maftah bila ya kuinua macho.

"Babu, nimechelewa!"

"Chapati haina miguu. Rudisha."

Shifa akaurudisha mkono gotini, akacheka, akangoja. Shangazi Sabah alikuwa jikoni akikatakata vitunguu vingi kupita kiasi cha watu watatu. Shifa akavitazama, kisha akamtazama babu yake.

"Kuna wageni?"

"Wazee wa msikitini," alisema babu. "Watakuja baada ya adhuhuri, waile karamu ya mkunga."

"Babu! Mkunga gani? Sijafaulu!"

"Utafaulu. Mimi nimekwisha kuwaambia."

"Mbuzi keshachinjwa, mwanangu," alidakia Shangazi Sabah kutoka jikoni. "Ukianguka, tutawaambia ni hitima yako."

Babu akasema bismillahi kwa sauti ya kukata maneno, wakala.

Njiani kwenda hospitali Shifa hakujua ashike lipi, hofu au furaha. Alikuwa muuguzi aliyesajiliwa, tena muuguzi mwenye jina. Miaka yote aliyofanya kazi katika chumba cha majeruhi alisifiwa kwa jambo moja: mikono myepesi. Aletwe mtu anayevuja damu, Shifa keshafunga jeraha kabla daktari hajamaliza kuuliza swali. Kisha siku moja mwanamke alijifungulia mlangoni pa chumba hicho, na Shifa akampokea mtoto aliyekuja akipiga kelele kana kwamba amedhulumiwa haki yake. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Akaomba nafasi katika masomo ya uzamili ya ukunga, yale wanayosomea wauguzi waliokwisha kuhitimu, akaipata, akarudi darasani pamoja na wenzake, wote watu wazima, wote wauguzi, wote wakidhani wanajua.

Huko ndiko mikono yake ilikomponza. Katika mtihani wa kwanza wa kuzalisha, kichwa cha mtoto kilipotoka na uchungu ukatulia, Shifa hakungoja. Alivuta. Mwalimu wake, Sista Apio, akamshika kifundo cha mkono palepale. Mtoto alikuwa salama, lakini mama alichanika akashonwa, na Shifa akaandikiwa kuwa ameshindwa. Mwenye kushindwa mara mbili huondolewa katika masomo. Leo alikuwa akiufanya mtihani huo mara ya pili.

Sista Apio alikuwa mtu wa kaskazini, binti wa askari, na Kiswahili chake alikipata kambini.

"Wewe Shifa," alimwambia mlangoni mwa chumba cha leba, "leo mimi sitashika mkono yako. Nitakaa kwa kona, nitaangalia tu. Umesikia?"

"Nimesikia, Sista."

"Ile mambo nimekuambia kila siku ni gani?"

"Huyu si mgonjwa."

"Eeh. Mgonjwa unakimbilia. Mama unamngoja. Haya, ingia."

Aliyekuwa ndani alikuwa Pélagie, Mkongomani muuza vitenge, aliyekuja alfajiri kwa mimba yake ya pili. Alikuwa amesimama ameshika ukingo wa kitanda, jasho linamtiririka, na nje ya mlango mumewe, Barnabé, alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kuamsha wadi nzima.

"Pélagie, tia nguvu!" aliita Barnabé alipofika mwisho wa ubeti.

"Nyamaza, Barnabé! Ni wewe uliniletea hii mambo!"

Hata Sista Apio aliyekuwa pembeni aliinama kuficha tabasamu. Shifa akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, akayakuta yanadunda sawasawa kama ngoma ya arusi, na mwili mzima ukamsisimka. Muda wenyewe ulikuwa umewadia! Akapigapiga godoro.

"Haya dada, panda ulale."

"Sitaki kulala, Sista. Nikilala, mugongo inavunjika. Nataka kupiga magoti."

Mdomo wa Shifa ukafunguka kusema kwamba mgonjwa hulala kitandani. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Mgonjwa! Akalimeza.

"Piga magoti, dada yangu. Popote utakapo."

Akamtandikia mkeka laini wa hospitali na shuka safi juu yake. Pélagie akapiga magoti, akakilalia kitanda kwa kifua. Shifa akaketi nyuma yake kwenye kigoda, amevaa glavu, na mapajani mpaka magotini amejitandia kitambaa kilichotakaswa, kama walivyofundishwa. Uchungu ukaja, ukapita. Ukaja tena, mkali zaidi. Shifa hakumpigia Pélagie kelele za kusukuma. Alimwambia tu, "Fuata mwili wako, unajua njia," na Pélagie akanguruma, na nywele nyeusi zikaonekana, zikarudi, zikaonekana tena.

"Anakuja!" Shifa alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aonaye mwezi wa Idi. "Pumua polepole sasa. Polepole. Huyo!"

Kichwa kikatoka chote. Shifa akapitisha kidole shingoni mwa mtoto, akaukuta ukamba wa kitovu umezunguka, lakini umelegea. Akauinua, akaupitisha juu ya kichwa taratibu, kama avuaye mtoto mkufu.

Kisha uchungu ukatulia. Chumba kikawa kimya. Hata Barnabé alikuwa ameishiwa na beti.

Huu ndio muda uliomwangusha mara ya kwanza. Kichwa kiko nje, mwili uko ndani, na uso wa mtoto unaiva rangi ya zambarau. Katika chumba cha majeruhi, rangi hiyo ni amri: kimbia, kamata, fanya! Kila kidole cha Shifa kiliijua amri hiyo. Alijua pia kwa akili yake, maana amesoma na amefafanuliwa, kwamba rangi hiyo si ajabu kwa mtoto aliyefika hapo, kwamba uchungu unaofuata utakuja wenyewe, kwamba mtoto atageuza mabega yake mwenyewe akiachwa ageuze. Akili ilijua. Mikono ndiyo haikujua. Aliiona inanyanyuka.

*Rudisha*, ilisema sauti kavu isiyoinua macho.

Shifa akairudisha mikono yake, akaiweka juu ya kitambaa safi, magotini. Aliye mdogo kuliko wote kwanza. Akatazama, yu tayari, kama mtu aliye mbele ya sinia linalofuka mvuke. Kule pembeni Sista Apio alisogea hatua moja, akasimama. Shifa hakugeuka. Pélagie aliuliza kwa sauti ndogo, "Iko muzuri?"

"Yuko vizuri sana. Tunamngoja yeye."

Na yule kiumbe, mbele ya macho yake, akageuza kichwa kuelekea paja la mama yake, polepole, kwa adabu, kama mtu anayeitikia salamu. Uchungu ukavuma. Bega moja likapita. Hapo ndipo Shifa alipotamka bismillahi na mikono yake ikaenda, si kuvuta bali kupokea, na mtoto akateleza mwili mzima ndani ya viganja vyake, wa moto, mzito, wa kike, akapaza sauti iliyomrusha Barnabé mlangoni.

"Alleluia! Alleluia!"

"Baki uko nje kwanza, mujinga wangu!" Pélagie alilia na kucheka pamoja, mtoto kifuani. Shifa naye machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya barakoa, na hakujali.

Kondo la nyuma lilipotoka zima, naye Pélagie akachunguzwa na kuonekana hakuchanika hata kidogo, Sista Apio alimwita Shifa pembeni.

"Mkono yako ilikuwa wapi?"

"Magotini, Sista."

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Babu yangu. Kwa mwiko."

"Mimi nasema muhula mzima, husikii, mzee anatumia mwiko, unasikia!" Sista Apio akamtazama kwa ukali wa kambini, kisha ukali ukamshinda, akamkumbatia mpaka kofia ikaanguka. "Umepita, Mkunga. Enda nyumbani."

Shifa alifika Luzira adhuhuri imepita zamani. Alisikia ukimya kabla ya kufungua mlango. Mkekani wazee wa msikitini walikuwa wameketi kuzunguka masinia ya pilau, midomo imekauka, mikono magotini. Vijana wa jirani, walioalikwa kuwaandalia wageni, walikuwa wakitazamana kwa njaa.

"Maftah, tutakufa," alinong'ona mzee mmoja.

"Mdogo hajapakuliwa," alijibu Mzee Maftah. Akainua macho. "Enhe?"

"Nimefaulu, Babu! Ni mtoto wa kike! Nami nilingoja, Babu. Niliiweka mikono hapa." Akajipiga magotini mara mbili, kwa nguvu.

Mzee Maftah alichota pilau kwa mwiko uleule, akaijaza sahani ya Shifa kabla ya sahani ya mzee yeyote, kwa kuwa katika kazi ile yeye ndiye aliyekuwa amezaliwa siku hiyo. Kisha akawageukia wale vijana, ambao mmoja wao alikuwa amekwisha kuinyooshea kachumbari kidole.

"Rudisha! Mmesikia alichosema dada yenu? Basi na msikie, nyote mlio vijana, mliosoma na mnaosoma. Mikono yenu ni myepesi, nasi twaisifu. Ifundisheni kungoja. Wekeni mikono magotini, na msiinyanyue mpaka niseme."

Mikono yote ikarudi magotini.

"Bismillahi," alisema Mzee Maftah.